Kwa muda gani?

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mwanafunzi wa sekondari ajue nini kuhusu fedha na uwekezaji kabla hajamaliza kidato cha nne?" Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya kata, mwaka wa 14 sasa, na jibu langu ni maneno matatu: kwa muda gani? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo kila anapotajiwa asilimia, mengi yaliyobaki atayafikia mwenyewe.

Maswali ya riba wanayafanya tangu kidato cha kwanza. Juma amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, atalipa kiasi gani baada ya miaka miwili? Hayo maneno "kwa mwaka" yamo siku zote, mtoto hana haja ya kuyatafuta. Mtaani hayapo. Tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme linasema "riba asilimia 30 tu", na hiyo ni ya mwezi mmoja. Halafu darasani riba inafundishwa kwa Kiingereza, wakati mkopeshaji anazungumza Kiswahili, tena cha upole. Mtoto haoni kwamba ni somo lilelile.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Mwaka 2016 mama yangu alilazwa, nikahitaji shilingi 300,000 siku hiyohiyo. Mkopeshaji mmoja mjini alinipa, nami nikamwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Walimu wenzangu wanaujua utaratibu huo. Mwisho wa mwezi deni lilikuwa 390,000. Kulipa zote na bado nyumbani wale, haikuwezekana, kwa hiyo nikalipa riba peke yake, 90,000. Mwezi uliofuata hivyohivyo. Baada ya miezi sita nilikuwa nimetoa 540,000, na zile 300,000 nadaiwa vilevile. Na kama nisingelipa chochote, riba ikawa inaongezwa juu ya deni, mwezi wa tatu tu ningedaiwa 659,100.

Riba inayozaa riba ndiyo mada niliyokuwa nafundisha kidato cha tatu muhula huohuo. Kanuni naijua usingizini. Ila sikuwahi kuifikiria kama kitu cha kuingia nacho kwa mkopeshaji, na wala sikuwa nimewaambia hivyo wanafunzi wangu. Nilitoka kwenye deni hilo kwa mkopo wa SACCOS, nikarudishiwa kadi yangu. Leo tunayaita mambo haya kausha damu, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwanafunzi ajue kuwa ana haki ya kuomba kuiona.

Uwekezaji nao unapimwa kwa swali hilohilo. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Mwishoni mwa 2024 bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilikuwa imepita 600. Zaidi ya mara nne! Darasa zima hushangilia nikisema hivyo. Kisha nawauliza: kwa muda gani? Miaka 15. Tukipiga hesabu, mara nne kwa miaka 15 ni kama asilimia 10 kwa mwaka, ukiacha gawio, yaani faida ambayo benki huwagawia wenye hisa. Ni faida nzuri, lakini si miujiza. Na mwaka 2019 hisa hizohizo ziliuzwa chini ya 150. Aliyekuwa ameweka humo ada ya mtoto, akalazimika kuuza mwaka ule, alipata hasara kwenye hisa ileile iliyomnufaisha jirani yake aliyesubiri. Hapo ndipo wanapoelewa kwa nini pesa ya kula na ya ada haipelekwi sokoni.

Wazazi wao wanaikumbuka DECI, ule mpango wa upatu. Watu "walipanda mbegu", wakaahidiwa mavuno makubwa ndani ya miezi michache, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009. Waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa pesa za waliofuata. Binti wa kidato cha pili anaweza kulitambua jambo la namna hiyo kwa kulinganisha ahadi hizo na ile asilimia 10 ya mwaka, kisha aulize biashara gani inazalisha tofauti yote hiyo.

Na mwanafunzi mwenye shilingi 1,000 kwa wiki afanye nini? Kibubu kinafaa kwa kuanzia, kwa sababu kinajenga tabia. Kwa miaka minne ni 208,000. Ila bei za vitu zikipanda hata asilimia 4 kwa mwaka, pesa iliyokaa ndani ya mbao inapungua nguvu kimyakimya. Zile 52,000 za kila mwaka zikienda mahali panapotoa asilimia 10, mwisho wa kidato cha nne zitakuwa kama 241,000. Tofauti ni ndogo, nami siwafichi. Kabla ya miaka 18 mzazi ndiye atakayemfungulia akaunti au kumnunulia vipande, yaani sehemu ndogondogo, katika mfuko unaowekeza pesa za watu wengi kwa pamoja, kama ile mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali. Ndiyo maana nawaomba wazazi wakae nao waipige hesabu hiyo pamoja.

Muhula huu, katika jaribio la kidato cha tatu, niliandika swali la riba nikaacha makusudi maneno "kwa mwaka". Wengi walikokotoa tu. Wanafunzi 11 waliacha nafasi ya jibu wazi wakaandika pembeni: "Mwalimu, hujasema ni kwa muda gani." Nimewapa alama zote.