Kaka wanasema niliolewa kwa hivyo sina haki kwa mali ya baba

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia tena asubuhi. Unasema baba aliaga Aprili bila kuacha wosia, mama alimtangulia kitambo, mmebaki watoto watatu na mali ni ile ploti ya Kayole, Nairobi, yenye vyumba nane vya kupangisha na ekari mbili huko Murang'a. Kaka mkubwa ndiye anakusanya kodi tangu matanga, na sasa amekuletea fomu usaini na elfu hamsini juu, ati wewe uliolewa urithi wako uko kwa mumeo. Unaniuliza kama ukikataa utakuwa umevunja familia.

Usisaini. Hiyo pesa pia rudisha, na uirudishe kwa Mpesa ndio ibaki na rekodi.

Hayo maneno ya kuolewa yalishapelekwa kortini yakakataliwa. Kuna kesi ya Rono, wavulana walikuwa wamepewa sehemu kubwa kuliko wasichana juu ati hao wataolewa, na mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, watoto ni watoto. Katiba ya 2010 ikaja ikapigilia msumari kwa kusema mila za ardhi zinazobagua wanawake ziondolewe. Na Sheria ya Urithi, hii inatumika tangu 1981, inasema kama wazazi wote wameenda na hakuna wosia watoto wanagawana sawa. Nyinyi ni watatu, kwa hivyo ni theluthi yako, umeolewa ama hujaolewa. (Wasomaji wangu Waislamu, mirathi yenu iko kwa Kadhi na hesabu yake ni tofauti.)

Sasa kitu mimi naogopa zaidi ni barua ya chifu. Kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, na hapo ndipo wasichana hupotelea, jina linaachwa tu kimya kimya. Nenda kwa chifu wa mahali baba alikuwa anaishi, na kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa, uulize ameandika majina ya nani. Kama kaka ameshafungua kesi, itatangazwa kwa Gazeti rasmi la serikali na una siku 30 za kupinga, na hata zikipita bado kuna ile miezi sita kabla mgao kuidhinishwa, na hata ukishaidhinishwa korti inaweza kufuta kama walikuficha. Usikubali mtu akuambie umechelewa.

Hiyo kodi nayo, kukusanya mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa, faini mpaka elfu kumi ama jela mpaka mwaka mmoja. Sikuambii umfunge kaka yako, nakuambia ujue ndio akikupigia kelele usitetemeke. Tafuta pia karatasi za ploti ziko wapi, juu nyingi za Eastlands, huko mashariki mwa Nairobi, hazina hati kamili na mwenye kushika karatasi anaweza kuuza haraka sana. Ya Murang'a kama ina hati, mwambie wakili aweke kizuizi kwa ofisi ya ardhi ndio isiuzwe kisirisiri. Pesa ya wakili ikikosa, FIDA, lile shirika la mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, husaidia, enda na hiyo fomu waisome kwanza.

Kuhusu familia, wacha nikuambie yangu. Nilisaini nikiwa na miaka 26, kwa meza ya jikoni, chai ikipoa, nikidhani nanunua amani. Shamba liliuzwa kabla mwaka kuisha na Krismasi iliyofuata hakuna aliyenipigia hata simu, hiyo amani sikuwahi kuiona mpaka leo.

Umesema kaka mdogo hajasema kitu chochote. Mpigie leo jioni, wakati mkubwa hayuko karibu, umuulize yeye mwenyewe anataka nini.

Shangazi