Mashine nzito, karakana ndogo

Swali: Habari fundi. Niko na karakana hapa Kibuye, Kisumu, chumba ni futi 12 kwa 20 na ndani kuna mashine ya randa kama kilo 350, msumeno wa mkanda na drili ya kusimama. Nikitaka kupiga randa mbao ya futi 10 lazima niite vijana wanne wasukume mashine ndio mbao ipite. Niliweka magurudumu madogo ya troli yakapinda, na hata kabla yapinde mashine ilikuwa inacheza nikifanya kazi. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na vijana wachunge migongo na vidole. Hiyo kucheza ndio inanisumbua zaidi, manake randa ikisogea wakati kisu kinazunguka mkono wako uko pale pale karibu. So magurudumu weka, lakini yawe ya kutembeza tu, wakati wa kazi mashine isimame kwa bolti.

Mwambie mtu wa kuwelda akutengenezee fremu ya anglaini (chuma cha umbo la L), mashine ikae ndani yake karibu na sakafu, halafu kila kona itoke sikio, yaani kipande cha chuma kilichochomoza, kwa nje na gurudumu likae chini ya hilo sikio. Ukiweka magurudumu moja kwa moja chini ya mashine utaipandisha kama sentimita 13 kwa gurudumu la inchi 4, meza itakuja kifuani na mashine itakuwa rahisi kuanguka. Pale kwa sikio weldia nati ya M16 (ya bolti nene ya milimita 16) na upitishe bolti ndefu ikiangalia chini. Ukiizungusha mara moja inashuka milimita 2, kwa hivyo shika spana ya 24 uende kona kwa kona, mizunguko michache michache, mpaka gurudumu liachane na sakafu na lizunguke kwa kidole. Chini ya kila bolti weka kipande cha bamba la chuma, sakafu zetu za simiti huchimbika haraka.

Uzito usigawe kwa nne. Sakafu haiko sawa, gurudumu moja huning'inia na yale matatu yanabeba yote. Kilo 350 na fremu tuseme 380, gawa kwa tatu unapata kama 127, basi nunua ya kubeba kilo 150 kila moja. Yawe makubwa, hayakwami kwa nyufa, na epuka mpira laini, skrubu na vipande vya chuma hudunga na kubaki humo. Kwa chumba chako ningeweka yote manne ya kugeuka kila upande ndio mashine iende hata kimbavu, ingawa kwa safari ndefu mawili yasiyogeuka, ya kwenda mbele na nyuma tu, hunyoosha njia vizuri.

Halafu angalia mlango kabla hujanunua chochote. Mbao ya futi 10 inataka futi 10 nyuma na futi 10 mbele, hiyo tayari ni chumba chako chote, na mashine yenyewe hujahesabu. Elekeza randa kwa mlango, mkia wa mbao utokee nje, huenda utasogeza mashine mara chache kuliko unavyofikiria.

Msumeno na drili ni vizito juu, fremu yake iwe pana, meza ya drili ishushe kabisa na usukume ukiwa umeshika chini. Na chomoa stima kwanza, waya usiburutwe.

Swali: Mimi niko Nakuru, leth yangu (mashine ya kukereza chuma) ni kama tani moja, nayo niiwekee magurudumu?

Jibu: Hapana, hiyo usiiwekee. Leth ikikaa kwa sakafu mbaya kitanda chake, ule mwili mrefu wa chini, kinajipinda na kazi inatoka nene upande mmoja. Siku ya kuihamisha sukuma ule mkia, sehemu inayoteleza juu ya kitanda, hadi mwisho ili usawazishe uzito wa kichwa, ule upande unaozungusha kazi, inua upande mmoja kidogo kwa mtaimbo, kila ikipanda ingiza kipande cha mbao ngumu, usiache pengo la kuingia mkono. Ikifika juu ya kutosha ingiza paipu tatu nne za chuma, sukuma polepole, ile inayobaki nyuma irudishe mbele. Mtu yeyote asisimame upande wa mteremko. Ikifika mahali pake isawazishe na pima maji, urefu na upana, kabla hujawasha.