Kutia nanga penye mkondo mkali: kwa mnaoanza

Wengi mnaoanza mnaamini nanga inashika kwa uzito wake. Uzito huizamisha tu. Kinachoshika ni kucha zilizojichimbia, nazo hujichimbia amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, ikivuta kwa kulala. Amari ikivuta kwenda juu, inaing'oa. Ndiyo maana nasisitiza urefu wa amari kuliko ukubwa wa nanga.

Hesabu ifanyeni kwa maji kujaa. Tuseme mmefika maji yamekupwa, kina ni mita 4, maji yatapanda mita 3, na omo, yaani mbele ya chombo, iko mita 1 juu ya maji. Jumla mita 8. Kwa mnyororo mtupu zidisheni mara 5, mita 40. Kwa kamba yenye kipande cha mnyororo, mara 7, mita 56. Aliyehesabu zile mita 4 pekee ataburura nanga saa tatu nne baadaye, akiwa usingizini.

Lakini kwanza jueni mko juu ya nini. Bildi, risasi ya kupimia kina, iliyopakwa grisi kitakoni bado naiamini sana: hurudi na mchanga au tope, na ikirudi tupu yenye mikwaruzo, huo ni mwamba. Mchanga ulioshikana ndio bora. Tope laini linataka nanga yenye kucha pana, na muda wa kuzama kabla hamjavuta. Nyasi hudanganya, nanga hunasa mizizi, mkadhani imeshika, kisha hung'oka na bunda la nyasi na haishiki tena mpaka isafishwe. Mwambani, fungeni kamba ya kung'olea, yenye boya ncha ya juu, pale kucha zinapokutana. Matumbawe yaacheni kabisa, yanavunjika.

Nanga ikishafika chini, rudisheni chombo kinyumenyume taratibu, kisha ongezeni nguvu ya mashine. Mmoja aweke kiganja juu ya amari: ikitetemeka na kugongagonga, nanga inakwaruza, ikikaza na kutulia, imeshika.

Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, msilale wote. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Na mkondo unapogeuka, sehemu nyingi kila baada ya saa 6 hivi, chombo huvuta upande wa pili na nanga inaweza kupinduka ikang'oka. Zamu ya lindo iwekeni saa hiyo hasa. Chombo kikitulia upande mpya, chagueni ubavuni vitu viwili vya nchi kavu vilivyo mstari mmoja. Vikizidi kuachana, washeni mashine kwanza, ndipo muongeze amari kama nyuma kuna nafasi.