Umebaki kazini, wenzako wamepunguzwa: wapigie simu

Mkuu, umesema ofisini kwenu wamepunguzwa watu tisa, wewe umebaki, na wiki ya pili hii hujampigia hata mmoja kwa sababu hujui uanzie wapi. Halafu unasikia fununu za awamu ya pili. Mimi yote mawili yamenikuta, kubaki na kuondolewa, kwa hiyo vumilia urefu wa maelezo.

Nilikuwa stoo kwenye kiwanda kimoja cha vifungashio hapa Dar. Awamu ya kwanza ilikuwa 2017, wakaondoka watu 14. Barua ziligawiwa Ijumaa saa kumi jioni. Usiku uleule admini akaanza kuwatoa kwenye grupu letu la WhatsApp, mmoja mmoja, sisi tunaangalia tu: fulani ameondolewa, fulani ameondolewa. Hakuna aliyeandika neno. Jumatatu nikakuta kikombe cha bati na ndala za jamaa niliyepokezana naye zamu miaka sita. Nikavitia kwenye rambo nimpelekee. Rambo likakaa kabatini kwangu miezi mitatu. Niliona aibu, kama vile mimi ndiye niliyelipeleka jina lake. Siku tumekutana stendi ya Gongo la Mboto akanisalimia vizuri, akaulizia watoto, kisha akasema, "Nilijua umeibiwa simu." Kikombe nilimpelekea kesho yake. Ndala alikataa.

2019 ikawa zamu yangu. Za pole nilipata nyingi, na pole si haba, lakini aliyenitoa kwenye shimo ni dada mmoja wa uhasibu. Alinipigia usiku huohuo: "Kaka, usisaini kitu kabla hujapiga hesabu zako." Akanielekeza kimoja kimoja. Kiinua mgongo kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au walipe fedha yake. Likizo ambazo hukwenda zilipwe. Kama walikuajiri mkoa mwingine, kuna nauli ya kukurudisha. Na cheti cha utumishi ni haki yako, si hisani. Kwenye karatasi yangu waliandika miaka 7, nami nilikuwa nimetimiza 8. Nikawatolea mkataba wa 2011, wakarekebisha bila ubishi. Bila ile simu ningesaini, maana siku ile hata jina langu nililiandika kwa kutetemeka.

Kwa hiyo ukiwapigia, acha hotuba za Mungu atafungua mlango mwingine. Hilo wanalijua. Waulize: umeshaangalia taarifa ya michango yako NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii? Mimi nilikuta miezi minne haijapelekwa, na ni rahisi kufuatilia ukiwa bado una namba ya mtu aliye ndani. Kuna fao la kukosa ajira pale. Aliyechangia miezi 18 na zaidi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Si nyingi, ila unga haukosekani.

Waulize pia kuhusu mkopo wa benki. Hili watu hulificha kuliko ugonjwa. Waende benki wenyewe kabla makato hayajagoma, wasome mkataba: mikopo mingine ina bima inayogusa kupunguzwa kazi, mingine ni kifo na ulemavu tu. Mimi walinipangia upya marejesho kwa sababu nilitangulia kwenda.

Kuhusu kiinua mgongo chenyewe, waambie wasiguse miezi miwili ya mwanzo zaidi ya kodi na chakula. Kila mtu atakuja na ushauri wa bodaboda. Shemeji yangu alikuja na wazo la kuku wa nyama, na tayari alikuwa na bei za vifaranga! Simsemi vibaya, lakini mtu aliyechanganyikiwa hapaswi kufuga.

Kingine unachoweza wewe na hawawezi wao: uko ndani. Zungumza na msimamizi akubali kuwa mdhamini kwenye CV zao. Ukisikia nafasi kwa wasambazaji wenu, watumie. Kazi niliyo nayo leo niliipata kupitia dereva wa kontena aliyekuwa akishusha mzigo kwetu.

Na hiyo awamu ya pili. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi, kupitia chama cha wafanyakazi kama kipo, kuhusu njia za kuepuka na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Barua ya kushtukiza Ijumaa jioni si mashauriano. Anza sasa kutunza nakala za mkataba na salari slipu nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi.

Kama wale tisa waliondolewa bila kuitwa kwenye kikao chochote, wanaweza kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kujaza fomu ya mgogoro. Mwisho ni siku 30 tangu ajira ilipokoma. Kama barua zao ziliwaondoa siku ileile, wiki mbili zimeshaliwa. Anza na yule unayemwonea aibu zaidi.