Spika mwaloni? Iache nyumbani

Ndugu, umeuliza mbona unahubiri na spika mwalo wa Kirumba, pale Mwanza mitumbwi inaposhusha samaki, kila Jumamosi asubuhi na hakuna anayesimama. Saa hiyo nani asimame? Mvuvi wa dagaa amekesha ziwani, mama anagombania bei kabla jua halijawa kali.

Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika na watu wako kambini wanashona nyavu. Kaa nao, shika uzi, sikiliza (habari za injini na madeni zitatangulia, vumilia tu). Mimi sijawahi kuulizwa swali la maana kuhusu Yesu nikiwa na maiki mkononi. Niliulizwa nikiparua magamba ya sato. Na 1 Petro 3:15 inataka tuwe tayari kumjibu anayeuliza, tena kwa upole.

Halafu acha haraka ya kuhesabu waliookoka. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofungua misheni ya Bukumbi karibu na Mwanza mwaka 1883, waliagizwa na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, wamfundishe mtu miaka 4 kabla ya kumbatiza. Wewe umemaliza Jumamosi ngapi?