Watu watatu, kwaya nzima: wasomaji wauliza kuhusu "A Night at the Opera", albamu ya bendi ya Queen

*Tunabishana barazani. Mwenzetu anadai kwaya ya katikati ya wimbo "Bohemian Rhapsody" wa albamu hiyo ilikodiwa kutoka jumba la opera. Nani mkweli? (Msomaji, Unguja)*

Hakuna aliyekodiwa. Walioimba ni wanabendi watatu wa Queen: Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, Brian May na Roger Taylor. Mwenzao wa nne, John Deacon, alipiga besi tu. Mercury alishika sauti ya kati, Taylor zile za juu kabisa, May za chini, lakini mara nyingi wote watatu waliimba mstari mmoja pamoja, wakaurudia, kisha wakahamia mstari unaofuata. Ndiyo maana huwezi kumchambua mmoja mmoja.

Kazi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, kwa piano, besi na ngoma. Mtayarishaji Roy Thomas Baker aliacha kipande cha utepe mtupu cha kama sekunde 30 kwa ajili ya sehemu hiyo ya kwaya ya mtindo wa opera. Mercury akawa kila mara anakuja na "Galileo" nyingine (neno linaloimbwa humo), kipande kikarefuka, na sehemu hiyo peke yake ikala takriban wiki tatu.

*Mashine yao ilikuwa na traki 24, yaani njia 24 za kurekodia kwenye utepe mmoja. Sauti zinazotajwa ni kama 180. Zilikaa wapi? (Msomaji, Nakuru)*

Zilihamishwa. Ukishajaza traki nane za sauti, unazichanganya na kuzimwaga kwenye traki mbili, kisha unafuta zile nane na kuanza upya. Hasara ni mbili. Kwanza, kila unaponakili, mchakacho wa utepe unaongezeka na sauti kali za juu zinafifia. Pili, na hii ndiyo iliyowatoa mafundi jasho: ukishafuta, hakuna kurudi. Sauti ya tatu ikizidi kidogo kwenye mchanganyo huo, itazidi hadi santuri itoke.

Utepe nao ulichakaa. Unga wa chuma unaobeba sauti hukwanguka kidogo kila utepe unapopita kwenye vichwa vya mashine, na huu ulipita mara nyingi mno. Walipouinua kwenye mwanga, ukawa unapitisha nuru. Ikabidi kazi ihamishiwe haraka kwenye utepe mpya.

*Kwaya yetu ina waimbaji watatu na kompyuta moja. Tunakopi rekodi ile ile mara nne lakini haijai. Kosa ni nini? (Msomaji, Mbeya)*

Kosa ni hiyo kopi. Nakala mbili zinazolingana kabisa zinaongeza ukubwa wa sauti tu, kama desibeli 6. Mkisogeza moja kwa milisekunde chache ndiyo mnaharibu zaidi: sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba. Unene unatokana na tofauti ndogo za muda na kimo cha sauti ambazo koo la binadamu haliwezi kuzirudia sawasawa. Kwa hiyo imbeni upya.

Simameni watatu mbele ya maiki moja, kama mita moja hivi, mwenye sauti kali arudi hatua nyuma. Imbeni sauti ya kwanza wote, mara mbili, mkibadilishana nafasi. Fanyeni hivyo kwa ya pili na ya tatu. Mna traki sita tu, lakini ndani yake mna sauti 18. Herufi za mwisho kama "s" na "t" atamke mmoja, wengine wazimeze, la sivyo kila neno litaishia kwa mchakacho wa mvua juu ya bati. Hedifoni ziwe na sauti ndogo, sikio moja wazi. Wengi hutoka nje ya kimo cha sauti kwa sababu hawajisikii.

*Kwenye wimbo "Good Company" wa albamu hiyo hiyo kuna tarumbeta? (Msomaji, Bujumbura)*

Hakuna. Ni gitaa la May, akipiga sehemu nyingine noti moja moja, kupitia amplifaya ndogo ya betri ya volti 9 ambayo Deacon aliiunda kwa sakiti aliyoiokota jalalani.