Tuchange tujenge ukuta wetu?

SWALI: Shikamoo mzee. Nyumba aliyotuachia baba hapa Kunduchi ilikuwa na minazi sita mbele. Imebaki miwili, na bamvua lililopita, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, bahari ilifika kibarazani. Mjini Serikali imejenga ukuta kando ya Barabara ya Barack Obama. Sisi tunangoja nini? Jirani anasema tuchange tujenge wetu.
Msomaji, Kunduchi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo michango ishikeni kwanza.

Ukuta ule wa mjini ulijengwa kuokoa barabara, na barabara ipo. Lakini ukuta hauleti mchanga. Wimbi likiupiga hurudi na nguvu zake, likachimba miguuni pake, na pale unapoishia ndipo bahari inapoanza kula kwa jirani. Hapo Kunduchi mmeyaona kwenye makinga ya mawe ambayo mahoteli yameyaingiza baharini: upande mmoja mchanga umejaa, wa pili umebaki shimo. Upepo wa kusi husukuma mchanga kwenda kaskazini. Ukiuzuia kwako, wa mbele yako anakosa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Msiweke hata jiwe kabla ya kufika NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Utotoni tulivuka kwenda Maziwe, kisiwa chenye mivinje, kasa wakitaga. Mivinje ikakatwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikwisha. Leo maji yakijaa hukioni. Ndiyo maana nakusihi utazame mchanga wako unatoka wapi.

Unatoka bara, unaletwa na mito kama Mbezi na Tegeta. Lori linalozoa mchanga mtoni linachukua ufukwe wako kabla haujafika. Hapo ndipo Serikali inapodaiwa, na hapo haihitaji fedha za wahisani: inahitaji mtu wa kusimamisha malori.

Mikoko mbele ya nyumba yako haitashika, mawimbi yataing'oa. Ipandeni kwenye tope, kule hori la Manyema.

Wewe na jirani hesabuni malori kwa wiki moja, siku na saa. Pimeni kwa kamba kutoka kibarazani hadi maji ya bamvua yanapofika, mpige na picha. Barua mpelekeeni mtendaji wa mtaa, nakala manispaa na NEMC, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.